Sauti Hukaa Ndani

Wamasai wakaao chini ya Mlima Meru hupuliza pembe ya tandala penye tundu la ubavuni. Midomo yao ndiyo itetemekayo. Lakini saksafoni, aliyoibuni Adolphe Sax na kupewa hati yake Paris mwaka 1846, hupulizwa kwa kipande cha mdomoni kilichofungwa ulimi wa tete.

Vipande vya kale vya Otto Link, fundi wa Marekani, hutafutwa sana hata leo, na mafundi wengine huviiga kwa mitambo. Walakini nafasi iliyo kati ya ulimi na ncha ikizidi kwa unene wa unywele mmoja au miwili, mlio hugeuka. Basi, aigaye umbo la nje tu hupata chombo, asipate sauti.

Swali: Pembe na saksafoni, nini hutetemeka katika kila kimoja?