Kocha wa nyota au kocha wa malezi?

*Makocha wawili wa vyuo vya Marekani wanamtaka mwanangu kwa mpira wa kikapu. Mmoja husajili nyota wapya kila mwaka, mwingine hukuza wachezaji polepole. Yupi hushinda? — Mzazi, Mwanza*

Ndugu Mzazi, kusita kwako kati ya jina na malezi kuna msingi. Kipaji hakikwepeki: mwaka 2012 kocha John Calipari aliipa Kentucky ubingwa wa vyuo akitegemea vijana wa mwaka wa kwanza, akiwemo Anthony Davis. Lakini 2015 kikosi chake, kilichokuwa kimeshinda mechi 38 mfululizo, kilizimwa nusu fainali na Wisconsin ya Frank Kaminsky, aliyekuwa mwaka wa nne chuoni. Virginia ya Tony Bennett, kocha wa malezi, nayo iliaibishwa na timu ndogo ya UMBC raundi ya kwanza ya mashindano hayo 2018. Lakini wachezaji wake Kyle Guy na Ty Jerome wakabaki, na 2019 Virginia ikatwaa ubingwa. Utasema siku hizi wachezaji huhamahama. Kweli, na ndiyo maana kocha hodari husajili anayefaa mfumo wake.

Basi muulize kila kocha: nani anacheza nafasi ya mwanangu, na wangapi wa msimu uliopita wamebaki? Ahadi ya ufadhili iwe ya maandishi. Wakala akidai pesa ili akuunganishe na chuo, usilipe. Kwanza wasiliana na idara ya michezo ya chuo chenyewe.