Maji Moto na Baridi Katika Bomba Moja: Somo kwa Mwenye Kutengeneza Bafu

Watu wa pwani si wageni wa kuoga ndani ya nyumba. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yana vyoo na mahali pa kunawia ndani ya nyumba za mawe. Kadhalika katika nyumba za kale za Lamu palijengwa birika la maji ndani ya choo, na mwogaji aliteka maji kwa kata akajimiminia. Tena wenye nyumba walitia samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Hiyo ilikuwa akili njema.

Siku hizi wengi hupenda kuoga kwa bomba la mvua. Liko bomba lipokealo maji moto upande mmoja na maji baridi upande wa pili, yakachanganyika kabla ya kumfikia mwogaji. Mtu wa Chundwa, katika kisiwa cha Pate, atakaye kuweka bomba la namna hiyo anapotengeneza upya choo chake, imempasa kufikiri mambo matatu kabla ya kununua chochote.

Jambo la kwanza ni maji yenyewe. Kisiwani hakuna mto. Watu wameishi kwa visima na kwa majabia yakusanyayo maji ya mvua. Mvua ya milimeta moja ikinyesha juu ya meta moja ya mraba huleta lita moja. Basi paa la bati lenye meta 40 za mraba, likipata mvua ya milimeta 25, hutoa karibu lita 1,000. Ni maji mengi, lakini bomba litoalo lita 8 kwa dakika hutumia lita 40 kwa dakika tano, yaani ndoo mbili kubwa. Watu sita wakioga hivyo kila siku, lita 240 zimekwisha, na tangi la lita 1,000 halimalizi siku ya tano. Kwa hiyo mwogaji na afunge maji wakati wa kujipaka sabuni.

Jambo la pili ni nguvu ya maji. Maji hupata nguvu kwa kuwekwa juu, na kitako cha tangi hakina budi kuwa juu ya kichwa cha bomba kwa meta moja au zaidi. Dukani ni lazima kuulizia bomba lifaalo maji ya nguvu ndogo. Lakini ikumbukwe kwamba lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Asithubutu mtu kuupandisha mzigo huo juu ya dari ya boriti za kale, au juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe ambao fundi hajaupima. Ni heri kujenga mnara wake mbali kidogo na nyumba.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote: usalama. Chombo cha juani kiwekwacho juu ya paa chaweza kuyatia maji moto kupita digrii 60 za sentigredi, na maji ya namna hiyo huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Mtoto na mzee huumia upesi zaidi. Kuoga kwahitaji digrii 40 hivi, si zaidi. Dawa yake ni hizi:

1. Maji moto na baridi yatoke katika tangi moja, ili nguvu zao zilingane.

2. Bomba la baridi liendalo bafuni lisigawanywe na jiko wala mfereji wa uani. Mtu akifungua mfereji huo, baridi hupungua bafuni na mwogaji huungua.

3. Tundu la tangi lipelekalo maji baridi bafuni liwe chini kidogo ya lile lipelekalo maji kwenye chombo cha kupasha moto. Hivyo tangi likikaribia kuisha, maji moto ndiyo yatakayokatika kwanza, na baridi yatabaki.

4. Mwenye uwezo na anunue bomba lenye themostati, nayo hupunguza maji moto yenyewe baridi ikipungua.

Kazi yenyewe huanza kwa kufunga maji na kuyamwaga yaliyomo. Mabomba mawili ya nusu inchi huletwa ukutani, la moto kushoto na la baridi kulia. Bomba la kawaida la ukutani hutaka sentimita 15 kutoka kati ya tundu moja hadi kati ya la pili. Maji ya chumvi hula chuma, basi mabomba ya plastiki na viungo vya shaba hufaa zaidi. Lakini la moto liwe la aina iliyofanywa kwa maji moto. Kila upande uwekewe koki ya kufungia na vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Kisha maji yafunguliwe yatoe mchanga kabla bomba halijafungwa, kwa maana chembe moja yatosha kuliharibu.

Hatimaye maji yaachwe ndani ya mabomba usiku kucha, kabla ya kupiga lipu au kubandika vigae. Kiungo kivujacho kikionekana mapema, hurekebishwa kwa spana. Kikifichwa, huvunjisha ukuta. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sakafu nayo iteremke kuelekea mfereji wa maji machafu, na maji hayo yapelekwe mbali na kisima wala yasituame uani. Tangi lifunikwe vema. Samaki wa birika la kale hawatakuwamo tangini, bali mbu bado wapo.