Dawa ya "akihitaji": nani atasema anahitaji?

Mzee anayetunzwa katika makao ya wazee huwa na dawa za saa maalumu na dawa za kupewa akihitaji tu: parasetamoli ya magoti, pengine mofini ya maji kwa mwenye saratani. Hizi za pili ndizo zenye matata, maana anayezihitaji zaidi mara nyingi haziombi. Aliyepoteza kumbukumbu hakumbuki hata kengele iko wapi. Na wazee wetu, hata wenye akili timamu, ukiwauliza watakujibu "sijambo tu, mwanangu" huku wameuma meno.

Waswahili wengi walioko Marekani na Uingereza wameajiriwa kama wasaidizi wa wauguzi. Kwa kawaida msaidizi hagawi dawa, ila ndiye anayemwogesha mzee na kumgeuza kitandani. Tazama mikono: anang'ang'ania ukingo wa kitanda? Kipimo cha maumivu cha PAINAD, kilichotolewa mwaka 2003 kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, huangalia pumzi, sauti, uso, mwili, na kama mgonjwa anabembelezeka. Mweleze nesi ulichokiona. "Leo hayuko sawa" haimsaidii.

Agizo la daktari nalo liwe wazi: dawa ni ya maumivu gani, kiasi gani, baada ya saa ngapi irudiwe, na kikomo cha saa 24. Agizo la "kidonge kimoja au viwili kila saa 4 hadi 6" silipendi hata kidogo. Nesi wa mchana atatoa kimoja, wa usiku viwili. Nesi ampigie daktari alinyooshe.

Kikomo cha parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mzee aliyekonda au mwenye ini bovu hupunguziwa. Marekani huiita asetaminofeni, nayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Binti anayekuja kumwona baba na pakiti mkobani anaweza kumzidishia bila kujua. Ibuprofeni na diklofenaki ndizo za kuogopa zaidi: zaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo la mzee. Chochote cha kutoka nyumbani kipitie kwa nesi kwanza.

Kila dozi iandikwe papo hapo, na matokeo yake pia: "Saa 3:10 usiku, parasetamoli gramu 1, nyonga inauma akigeuzwa, 6 kati ya 10. Saa 4:10, 2 kati ya 10, amelala." Bila mstari huo wa pili, zamu inayofuata inabahatisha.

Anayetumia mofini apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Akisinzia hadi haamshiki, au pumzi zikienda polepole, asiongezewe dozi. Nesi aitwe mara moja.

Chati ikionyesha mzee amepewa dawa ya "akihitaji" kila siku kwa wiki nzima, familia imuulize daktari kama ihamishiwe kwenye saa maalumu, asilazimike tena kuiomba.