Kuhakiki Picha ya Mwanafunzi: Mafunzo Kutokana na Picha za Infraredi na Picha za Mfano wa Michoro

Mwalimu anayetazama kazi ya mwanafunzi aghalabu huanza na kosa. Jicho lake limezoea kusahihisha, na kalamu nyekundu i mkononi. Katika hesabu desturi hiyo haina madhara makubwa, kwani saba mara nane ni 56 na hakuna jibu jingine. Katika sanaa mambo sivyo yalivyo. Nimechagua aina mbili za picha za kamera ambazo mwalimu mgeni huzihukumu vibaya kwa urahisi, ili tuone namna ya kutoa maoni yenye kujenga.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mwanachuo mmoja aliniletea picha ya mwembe ulio nyuma ya bweni. Majani yalikuwa meupe kama pamba, na mbingu karibu nyeusi. Niliandika pembeni: "Mwanga umezidi. Rudia." Akaichukua picha yake, akaondoka kimya, na muhula ule wote hakuleta nyingine. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa ameazima kichujio cha infraredi, na kwamba kila picha ilimtaka asubiri sekunde kadhaa, kamera imetulia juu ya kiweko cha miguu mitatu. Nilikuwa nimehukumu nisichokijua.

Yafaa basi tujue kwanza picha hizi hupatikanaje. Jicho la binadamu huona mwanga wenye mawimbi ya urefu upatao nanometa 400 hadi 700. Miale ya infraredi huanzia pale wekundu unapokoma. Umbijani ulio ndani ya jani hufyonza mwanga mwekundu, lakini miale hii haifyonzi, na seli za jani huitawanya na kuirudisha kwa wingi. Ndiyo maana jani hung'aa. Mbingu ya buluu hutoa miale hiyo kidogo tu, na maji huifyonza, hivyo vyote viwili hutokea vyeusi. Mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alichapisha picha za namna hii mwaka 1910. Wako wanaodhani kuwa picha hizi huonyesha joto la vitu. Sivyo, kamera za kupimia joto hutumia mawimbi marefu zaidi.

Je, ile picha ya mwembe haikuwa na la kukosolewa? Ilikuwa nalo. Majani ya kileleni yalikuwa weupe mtupu, usioonyesha umbo lolote, ilhali ya chini yalionekana moja moja. Upepo ulikuwa umetikisa tawi moja likawa kama moshi. Katikati palikuwa na doa la mviringo lililofifia, ambalo baadhi ya lenzi hulileta zitumiwapo na miale hii. Ningalimwambia hivi: "Majani ya chini yanapendeza kwa kuwa umbo lake lingalipo. Ya juu yamelipoteza. Ungelipunguza muda wa kupokea mwanga, ingekuwaje?" Maneno hayo yanataja mahali, yanataja sababu, na yanamwachia mwenye kazi uamuzi. "Rudia" halina hata moja kati ya hayo.

Aina ya pili ni picha zilizopigwa zifanane na michoro: zenye ukungu, au zilizopigwa huku kamera ikisogezwa. Ugomvi juu yake ni wa zamani. Julia Margaret Cameron wa Uingereza, aliyepiga picha za watu katika miaka ya 1860, alilaumiwa na wapiga picha wenzake kuwa nyuso zake hazikulengwa sawasawa. Leo nyuso hizohizo zimo katika makumbusho makubwa. Lakini tusivuke mpaka na kudhani kuwa kila ukungu ni sanaa! Mkono ukitetemeka umetetemeka. Hapa hakuna njia ila kuuliza, kama katika mazungumzo haya ya darasani:

"Mwalimu, hii ni miti ya mikaratusi. Nilisogeza kamera makusudi."

"Uliisogeza kuelekea wapi?"

"Kutoka kushoto kwenda kulia."

"Na miti imesimama wima. Tazama mashina, yamebaki?"

"Yamefutika."

"Ulitaka yafutike?"

Mwanachuo alifikiri kidogo. "La. Nilitaka yawe kama yamepakwa rangi kwa brashi."

Sikuhitaji kuongeza neno. Kesho yake alirudi akiwa ameisogeza kamera kutoka juu kwenda chini, kwa kufuata mashina.

Uko pia uhakiki unaozidi ufundi. Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, alipiga picha za vita vya mashariki ya Kongo kwa filamu ya infraredi iliyokuwa imebuniwa kwa shughuli za kijeshi, na majani ya milima ya Kivu yakatokea ya waridi. Kazi yake iitwayo The Enclave ilionyeshwa Venice mwaka 2013. Mtu aweza kuuliza kwa haki: je, rangi hiyo inatuamsha tuyatazame mateso tuliyoyazoea, au inayapamba? Mimi naelekea upande wa kwanza, ingawa sina hakika kuwa mkazi wa Goma angekubaliana nami. Swali la namna hiyo laweza kuulizwa tu baada ya kukiri kwamba mpiga picha alikusudia waridi.

Mtasema kuwa katika shule za msingi hamtakutana na vichujio. Ni kweli. Mtakutana na mtoto wa darasa la pili aliyechora ng'ombe wa buluu. Kabla ya kumwambia kuwa ng'ombe hawana rangi hiyo, keti karibu naye umwombe akusimulie habari ya ng'ombe wake. Yawezekana kalamu ya kahawia imechukuliwa na jirani. Yawezekana pia kwamba ni usiku, na ng'ombe amepotea.