Kufufua Injini ya Pikipiki Kuukuu: Pistoni Mkononi Kabla ya Silinda Mashineni

Aghalabu mwanafunzi anapofundishwa juu ya kupanuka kwa metali kwa joto huonyeshwa mpira wa chuma na pete yake. Mpira ukiwa baridi hupita katika pete. Ukitiwa moto hukataa. Jaribio ni zuri, lakini likiisha mpira hurudishwa kabatini, na mwanafunzi hutoka maabara asijue jambo hilo lina kazi gani katika maisha. Katika makala haya tutalitazama jambo lile lile mahali ambapo mpira ni pistoni, pete ni silinda, na kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita haliwezi kufutwa kama hesabu iliyokosewa ubaoni.

Pikipiki tutakayoizungumzia ni BSA Bantam ya aina ya D1, aliyoiacha marehemu babu yangu mzaa mama, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa tabibu msaidizi na aliipanda kwenda kuwatazama wagonjwa vijijini. Ilikaa ghalani zaidi ya miaka thelathini chini ya turubai, kuku wakiatamia juu ya kiti chake. Mama aliponikabidhi alitoa sharti moja tu: iungurume tena, na iungurume kwa injini ile ile. Kununua injini nyingine kungekuwa rahisi zaidi, lakini mwenye mali alikuwa amekwisha sema.

Ukoo wa injini hii

Injini ya Bantam haikuzaliwa Uingereza. Asili yake ni pikipiki ya DKW RT 125, iliyosanifiwa na Hermann Weber na kutolewa mwaka 1939 katika kiwanda cha Zschopau, Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia michoro yake ilichukuliwa na mataifa yaliyoshinda kama sehemu ya fidia ya vita. Kutokana na michoro hiyo Warusi walitengeneza Moskva M1A, Harley-Davidson ya Marekani ikatoa pikipiki yake ndogo ya 125, na BSA ya Birmingham ikatoa Bantam mwaka 1948. Yamaha ya Japani nayo, ilipotoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1955, yaani YA-1, iliifuata RT 125 kwa karibu sana.

Kipenyo cha silinda katika Bantam D1 ni milimita 52 kama katika RT 125, na mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu ni milimita 58. Mwanafunzi akizidisha eneo la duara hilo kwa mwendo huo atapata sentimita za ujazo 123 na ushei.

Mtu angedhani basi kwamba vipuri vya ndugu hawa huazimana. La. Waingereza waliigeuza michoro kama vile mtu anavyojiona katika kioo, ili gia na kiki viwe upande wa kulia kama ilivyokuwa desturi yao, na nyuzi za bolti wakazitengeneza kwa inchi badala ya milimita. Hapa pana mtego ambao umeharibu makasha mengi ya injini. Bolti nyingi ndogo za BSA za zama hizo zina unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35, na nyuzi 26 katika kila inchi. Gawanya 25.4 kwa 26: umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 0.977. Bolti ya kawaida ya milimita 6 iliyojaa madukani kwetu ina umbali wa milimita 1.00. Kwa hiyo bolti hiyo ya milimita 6 huingia katika tundu la Bantam kwa unyenyekevu mkubwa, hushika kwa ncha za nyuzi zake tu, na fundi anapoikaza mara ya mwisho hung'oka pamoja na nyuzi za aluminiamu. Kipuri kinachokataa kuingia hakina hasara. Cha kuogopwa ni kile kinachoingia bila kustahili.

Zaidi ya hayo, Bantam wenyewe si kitu kimoja. D1 ina silinda ya milimita 52, D3 ya milimita 57, D5 na D7 za milimita 61.5. Anayeandika kwa muuzaji, "Naomba pistoni ya Bantam," hajaagiza kitu.

Nafasi ya lazima

Pistoni ya injini hii ni ya mchanganyiko wa aluminiamu, na silinda ni ya chuma cha kalibu. Kwa kila digrii moja ya joto, aluminiamu ya pistoni hupanuka kiasi cha sehemu 20 katika milioni, na chuma cha kalibu kiasi cha sehemu 11. Tuchukulie kwamba injini inapofanya kazi ubavu wa pistoni umepata joto la digrii 120 juu ya lile la karakana, na ukuta wa silinda digrii 100. Pistoni ya milimita 52 itakuwa imeongezeka 52 × 0.000020 × 120, yaani karibu milimita 0.125. Silinda itakuwa imeongezeka 52 × 0.000011 × 100, yaani karibu milimita 0.057. Tofauti ni milimita 0.068. Basi ikiwa injini baridi haina nafasi inayozidi hiyo kati ya pistoni na silinda, pistoni itakamata njiani, na mpandaji atajua habari hizo gurudumu la nyuma litakaposimama ghafla. Nafasi ya milimita 0.08 hivi ni ya busara.

Lakini nafasi ikizidi mno, pistoni hugongagonga ukuta, ringi hazikai sawasawa, na gesi ya mwako huvuja kwenda chini. Katika injini ya mipigo miwili uvujaji huo una madhara zaidi, kwa kuwa kasha la chini ndilo linalovuta hewa na petroli na kuzisukuma juu. Likichafuliwa na gesi iliyoungua, injini hupumua pumzi yake yenyewe.

Pistoni hupimwa wapi? Mwanafunzi wangu mmoja aliipima juu, penye kichwa, akatangaza kwamba imelika vibaya sana. Haikulika. Pistoni si mcheduara kamili. Kichwa chake hufanywa chembamba kwa makusudi kwa sababu ndicho kinachopata moto zaidi. Kipimo cha kutegemea huchukuliwa kwenye ubavu, upande wa chini, na maikromita iwe imekingamana na pini ya pistoni. Vipimo vya kiwandani huhesabiwa kwa joto la digrii 20. Karakana ya Dar es Salaam yenye digrii 32 huleta kosa, lakini kwa kuwa maikromita nayo ni ya chuma na imepanuka kidogo, kosa linalobaki kwa pistoni hii ni kama milimita 0.005 tu. Anayeishika pistoni kiganjani wakati anazungumza huongeza kosa jingine lake mwenyewe.

Namba moja, maana mbili

Silinda ya babu ilikuwa imelika, na alama zilionyesha kwamba ilikwisha chongwa mara moja kwa ajili ya pistoni ya ovasaizi ya inchi 0.020, yaani pistoni iliyopita kipimo cha awali. Hatua iliyofuata ilikuwa inchi 0.040, sawa na milimita 1.016. Kila hatua hupunguza ukuta wa silinda, na ovasaizi za kuuzwa si nyingi. Kwa maneno mengine, silinda ina akiba, na akiba hiyo hutolewa bila kurejeshwa.

Niliagiza pistoni ya D1 ya 0.040 kwa muuzaji wa ng'ambo. Wakati ingali njiani, mkerezaji wa karakana moja alikuwa na nafasi wiki ile, nami nilikuwa na likizo fupi. Nikakokotoa: 52 na 1.016 ni 53.016, hiyo ndiyo pistoni. Niongeze 0.08 ya nafasi. Tundu liwe 53.10. Mkerezaji alichonga 53.10 kwa usahihi wa kupendeza.

Pistoni ilipofika niliipima ubavu: milimita 52.93. Nafasi ilikuwa 0.17, zaidi ya maradufu ya ile niliyoikusudia.

Niliandika barua kali. Nilimwambia muuzaji kwamba ameniuzia pistoni pungufu, na kwamba mimi si mtoto katika mambo ya kupima. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, fupi na la heshima. Namba 0.040, alisema, si kipimo cha pistoni bali ni cha tundu ambalo pistoni hiyo imetengenezewa. Nafasi imekwisha kutolewa katika pistoni yenyewe. Akaongeza kwamba wako watengenezaji wengine wanaoandika kipimo cha pistoni, na kwa sababu hiyo huwashauri wateja wasichonge kabla ya kupima. Shauri hilo lilikuwa limeandikwa nyuma ya orodha yake ya bei, ambayo nilikuwa nayo mezani.

Naam, hesabu yangu ilikuwa sahihi na jawabu lilikuwa kosa. Nilijumlisha nafasi ambayo mwingine alikwisha kuitoa. Walimu wa fizikia wataitambua hali hii: ni mwanafunzi anayetumia kanuni vizuri bila kuuliza herufi zake zinasimama badala ya nini. Nilimwandikia muuzaji kumtaka radhi. Hatua ya 0.040 ilikuwa imepotea, ikabaki 0.060. Baada ya hiyo, tegemeo pekee lingekuwa kuitanua silinda sana na kuivisha ndani bomba jipya la chuma, kazi ya gharama ambayo si kila karakana huiweza.

Jinsi ya kumwandikia muuza vipuri

Kiwanda kiliacha kutengeneza Bantam mwaka 1971, na vipuri vingi vya leo ni vya watengenezaji wadogo mbalimbali. Kuwadhania wote kuwa ni walaghai ni uvivu wa kufikiri, na kuwaamini wote ni uvivu wa namna nyingine. Barua yangu ya pili ilikuwa tofauti na ya kwanza. Nilitaja aina ya pikipiki na namba ya injini kama ilivyogongwa kwenye kasha, si kama ilivyo kwenye kadi. Nilitaja kipenyo cha tundu lililopo na mahali lilipopimwa. Kipenyo na urefu wa pini ya pistoni. Umbali kutoka katikati ya pini hadi juu ya kichwa. Idadi ya ringi na unene wake. Kisha nikauliza swali moja lililo wazi: pistoni mliyo nayo stoo, ikipimwa ubavuni kwa kukingamana na pini, ni milimita ngapi? Muuzaji aliye makini hulijibu swali hilo kwa furaha, kwa kuwa humwepusha na pistoni zinazorudishwa. Asiyeweza kulijibu hana maikromita, au hana pistoni.

Siku hizi wengi hutuma picha kwa simu. Ni msaada mkubwa kwa kutambua umbo, lakini picha haina maikromita.

Sili za mpira za krankishafti, beringi na gasketi hazikunisumbua. Ni vitu vya namba, na namba zake husomeka. Sili kuukuu zibadilishwe zote hata zikionekana nzima, maana mpira uliokaa miaka thelathini umekwisha kuwa kama mkaa.

Jaribio la shule

Shule isiyo na maikromita ya kupimia tundu isikate tamaa. Nje ya karakana yoyote ya bodaboda hupatikana silinda iliyotupwa na ringi yake. Ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, kisha pima kwa fila geji pengo lililo kati ya ncha zake. Fanya hivyo mahali palipolika, karibu na juu, kisha mahali pasipoguswa na ringi, chini kabisa, ukiepuka matundu ya kupitishia gesi kama yapo. Kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, tofauti ya mapengo mawili ikigawanywa kwa 3.14 hutoa tofauti ya vipenyo. Mathalani, mapengo ya 0.85 na 0.35 yana tofauti ya 0.50, silinda imelika milimita 0.16. Ringi imetumika kama kikuza-kipimo, na haikugharimu kitu.

Pistoni ya pili ilipofika, ilipimwa milimita 53.44. Niliibeba hadi kwa mkerezaji, nikaiweka mezani pake, naye akachonga silinda mpaka 53.52. Uwiano wa mgandamizo wa D1 ilipotoka kiwandani ulikuwa 6.5 kwa 1, maana yake chumba cha mwako kilikuwa na sentimita za ujazo 22.4 hivi. Mwanafunzi akokotoe ujazo mpya wa injini hii na uwiano wake mpya, akichukulia kwamba chumba hicho hakikubadilika. Jawabu tulilolipata sisi ni sentimita za ujazo 130.5 na uwiano wa 6.8 kwa 1. Mwalimu aweza kuuliza zaidi kwa nini uwiano umepanda ilhali kichwa cha silinda hakikuguswa, na silinda hii ingekuwa na uwiano gani leo kama ningalingoja siku kumi na mbili ile pistoni ya kwanza ifike.