RAMADHANI, DARASA LA 17: Adhana ya Dar ndani ya basi la Kigali



Upo kwenye basi la Dar kwenda Kigali, mmekaribia mpaka wa Rusumo. Simu ya jirani yako inaadhini Magharibi, watu wanatoa tende. Subiri kwanza! Hiyo ni adhana ya Dar. Rusumo iko mbali upande wa magharibi, jua huchwa huko zaidi ya nusu saa baadaye. Chungulia dirishani: jua lile bado lipo.

Ukishavuka daraja la mto Kagera, simu ikishika mtandao wa Rwanda, inarudi nyuma saa nzima. Hapo napo usibabaike. Saa hupangwa na serikali. Swaumu yako inafuata jua la pale ulipo.

Aliyefuturu akidhani jua limezama, kumbe bado, hana dhambi. Lakini kwa kauli ya wanazuoni wengi, siku hiyo atailipa.

Na wewe uliyezidiwa na safari, usione haya. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa msafiri ruhusa ya kula, kisha alipe siku nyingine. Basi tusinuniane kwenye siti: aliyefunga asimseme anayekula, na anayekula ajisitiri kidogo.

Kazi ya leo: kabla ya kupanda basi, weka programu yako ya nyakati za swala ifuate mahali ulipo, si mji uliotoka. Mtumie na msafiri unayemjua.

Allah atutakabalie. Amin.