Laptopu Moja, Watoto Watatu

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, watu wa Mnarani walipanga foleni kungoja feri ndipo wafike mjini. Kwangu foleni ile imehamia sebuleni: laptopu moja ya mtumba, watoto watatu, na kila jioni kuna anayelia kwamba mwenzake kamfutia kazi ya shule. Dawa ni kila mtu kuwa na akaunti yake. Haya ni ya Windows.

1. Anza na wewe mwenyewe. Akaunti ya kwanza kufunguliwa kwenye mashine huwa ya msimamizi. Aliye ndani yake huweka programu, hufuta za wengine, hata hubadilisha nenosiri la mwenye nyumba. Wazazi wengi hukaa humo mwaka mzima, kisha huinuka kidogo kugeuza samaki jikoni, na mtoto hakawii kukikalia kiti. Jifungulie akaunti ya kawaida ya kila siku. Ile ya msimamizi iwe ufunguo wa stoo.

2. Kisha watoto. Ingia kwenye mipangilio, nenda palipoandikwa akaunti, ongeza jina la kila mmoja, na umwache awe mtumiaji wa kawaida. Faili zake hazitafunguliwa na nduguye. Picha ya skrini achague mwenyewe: kitinda mimba wangu ameweka mbuyu wa kule kwenye magofu ya Mnarani, na ole wako uuguse.

3. Saa. Huduma ya familia ya Microsoft hupanga muda, ila kila mtoto atahitaji barua pepe, na wewe intaneti. Kwa akaunti isiyo ya mtandaoni kuna njia ya zamani ninayoipenda zaidi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike hivi, ukiweka jina la akaunti ya mtoto wako mahali pa kadzo:

net user kadzo /times:M-F,16:00-18:00

Kadzo ataweza kuingia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kompyuta haijui saa ya Kiswahili. Ukiiandikia kumi, utamfungulia wakati yuko darasani. Siku usiyoitaja imefungwa kabisa, basi usishangae Jumamosi kuamshwa na kilio. Tena amri hii huzuia kuingia tu, haimtoi aliyekwisha kuingia. Hapo utatumia mdomo.

4. Nenosiri lisiwe jina la mbuzi wala mwaka wa kuzaliwa bibi. Watoto husoma vidole vyako kuliko wanavyosoma vitabu.

5. Linda bando. Ukiipa laptopu intaneti ya simu, iambie kwenye mipangilio ya mtandao kwamba muunganisho huo unapimwa. Windows itapunguza kujipakulia masasisho kimyakimya, na bando la wiki halitaisha kabla ya magharibi.

6. Fomu zinazouliza umri jaza wewe, na ujaze ukweli. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mtoto wa miaka tisa akiachiwa fomu atakuwa na thelathini na mbili kabla chai haijapoa.

7. Yule mkubwa mwambie wazi kwamba msimamizi anaweza kufungua faili zake. Mimi nilimwambia, nikamuahidi nitabisha hodi kwanza. Naye akaniuliza nenosiri langu ni lipi, ili tuwe sawa.